Mke Wangu Amegoma Kupika Jumapili kwa Sababu ya Musa

Mpendwa Shangazi Eulália,

Naomba unisaidie upesi, kabla sijamwandikia askofu maneno ambayo sitaweza kuyarudisha, maana nyumbani kwangu hapa Salcete, Goa, mambo yameharibika, na aliyeyaharibu si shetani, shetani ningejua pa kumkamatia, aliyeyaharibu ni padre wetu, tena kwa kutumia Biblia.

Mimi ni mtu wa heshima zangu, nina duka la rangi na misumari, na kwenye chama chetu cha udugu pale kanisani mimi ndiye ninayebeba msalaba mbele ya maandamano, na joho jekundu ninalovaa alilivaa baba yangu na kabla yake babu yangu. Mke wangu Querobina nimemuoa kanisani, sijawahi kumwinulia mkono, na feni, pombe yetu ya mabibo, sigusi kabla ya jua la saa sita. Jumapili kwetu mlango uko wazi tangu enzi za babu, ukitoka misa unapita, unakaa, unakula, hujui hata umealikwa na nani. Ndiyo sifa ya nyumba yetu. Kwa hiyo Querobina huamka gizani, anawahi misa ya kwanza, ile fupi isiyo na nyimbo, anarudi mbio kukuna nazi, na sisi wanaume tunakwenda misa kubwa, tunarudi tumesafika roho, tunakuta meza imejaa. Hakuna aliyewahi kulalamika. Mama yangu, Arcângela, aliishi hivyo hivyo kabla ya Querobina, na mpaka leo anashinda jikoni kumsaidia.

Basi mvua zilipokwisha Padre Osvaldo akafanya mafungo ya parokia, jioni, wanaume kwa wanawake, akasoma pale Musa anapompelekea Farao maneno ya Mungu, “Wape watu wangu ruhusa waende, wapate kunitumikia,” kisha akafunga kitabu akauliza, jamani, mbona wote mnakumbuka ‘waende’ na hakuna anayekumbuka kinachofuata? Waende wakafanye nini? Wakalale? Mungu hakuwatoa Misri wakapunge upepo, aliwatoa wapate kumwabudu, na asiyepata nafasi ya kumwabudu Mungu wake bado yuko Misri hata kama amebatizwa, amepewa kipaimara na ana picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Mimi nilikuwa benchi la mbele na sikusikia ubaya wowote, kusema kweli nilikuwa nawaza nguruwe, maana sikukuu ya somo wa parokia ilikuwa inakaribia na nilikuwa bado sijapata anayefaa. Lakini Querobina alisikia. Alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata nikaamka, nyumba kimya, hakuna harufu ya vitunguu. Nikamkuta mbele ya kioo anajipaka poda.

“Unakwenda wapi?”

“Misa.”

“Misa ya kwanza si imekwisha?”

“Nakwenda misa kubwa. Naimba.”

“Unaimba nini?”

“Sauti ya kwanza,” akasema, “kama nilivyokuwa naimba kabla hujaniona.”

Nikamuuliza na chakula je, akanijibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, “Hipólito, miaka yote hii mimi napeleka mwili tu kanisani, roho naiacha kwenye sufuria. Padre akiinua Hostia mimi nawaza kama chumvi inatosha. Nimechoka kumpelekea Mungu maganda.” Nikamwambia hayo ni uvivu tu, uvivu uliovaa rozari shingoni. Akachukua shela yake akatoka.

Mimi si mtu mgumu, nikajaribu kukubaliana naye. Nikamwambia, mke wangu, Mungu yuko kila mahali, hata jikoni, imba huko huko, dirisha liko wazi na kanisa si mbali. Akakataa. Nikamwambia basi nenda, lakini ukimaliza kukomunika toka kwa mlango wa pembeni urudi, usikae mpaka mwisho. Akakataa. Nikamwambia, sisi wanaume tutakwenda kwa niaba ya nyumba nzima, baraka ikiingia imeingia, haiulizi nani kaileta. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamgeukia mama yangu nikitegemea atamtia adabu, mama yangu ambaye anashindwa kupanda ngazi za duka langu, akaniambia, “Mwanangu, mimi Yesu nimemwona akizaliwa, akifa na akifufuka kupitia dirisha la jikoni. Maandamano yote nimeyaona migongo tu. Na mimi naenda.”

Nikamwendea Padre Osvaldo, nikamwambia hubiri lako limenivunjia nyumba, hubiri lingine, la utii, kuna maneno mazuri tu ya Mtakatifu Paulo kuhusu wake. Akajishika kichwa. “Hipólito,” akasema, “mimi nilihubiri tu. Sikujua kuna mtu anasikiliza.” Kisha akauliza kama bado anakuja kula siku ya sikukuu.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Siku ya sikukuu mdogo wangu Teotónio alikuwa amekuja likizo kutoka Bahrain, na wageni walikuwa wengi kama kawaida, na mimi nikaona nitawaonyesha wanawake hawa kwamba sorpotel ni nyama ya nguruwe tu na maini, haijasomewa chuo kikuu. Alfajiri nikakatakata, nikabandika, nikamwachia Teotónio mwiko na simu, nikavaa joho nikaenda kubeba msalaba. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka baada ya komunyo. Simu ikatetemeka chini ya joho. Teotónio anaandika: kuna moshi, na hii siki inawekwa lini?

Sikujua. Shangazi, sikujua, na anayejua alikuwa juu, kwenye roshani ya kwaya. Nikapanda ngazi na joho langu, nikamkuta Querobina amesimama peke yake mbele ya kipaza sauti, wenzake wamenyamaza, anaimba wimbo wa Bikira, na ile sauti, sijui nikwambieje, nimeishi na huyu mwanamke, tumesomesha watoto wakaenda zao, na sauti ile sikuwa naijua. Nilisimama kidogo. Lakini nyama ilikuwa inaungua. Nikamvuta mkono wa gauni nikamnong’oneza, “Siki inawekwa lini?”

Kipaza sauti kikaichukua. Kanisa zima, wageni wote waliotoka vijiji vya jirani, padre altareni, mama yangu benchi la kwanza, wote wakasikia kutoka juu kama sauti ya malaika mkuu: Siki inawekwa lini. Watu wakacheka, Shangazi, wakacheka ndani ya kanisa, Ekaristi bado imo vinywani mwao. Querobina hakunigeukia. Hakukosea hata noti moja. Aliimba mpaka mwisho, machozi yanamtoka, na mimi nimeshika mkono wa gauni lake kama mtoto aliyepotea sokoni, sikujua kuuachia ni vibaya zaidi au kuushika.

Wageni walikula mkate wa dukani na soseji. Padre alikula vizuri tu. Querobina na mama walirudi mchana wakiwa wanacheka, wakakaa mezani, Querobina akakata nyanya, akatia chumvi, akala kwa raha mbele ya wageni. Walipoondoka nikamwambia achague, kwaya au nyumba. Akanitazama akasema, “Usiniulize hilo swali, Hipólito. Unaweza ukapata jibu.” Tangu siku hiyo analala chumbani kwa mama. Sokoni naitwa Siki. Wateja wanaingia dukani kununua misumari, wanaondoka wanauliza siki bei gani.

Na sasa kwaya imeamua kwenda Goa ya Kale kwa miguu kwa ajili ya novena ya Mtakatifu Fransisko, ambaye mwili wake uko huko, kutwa nzima njiani wanaimba, na Querobina hakuniomba ruhusa, ameniarifu tu. Mama naye anataka apandishwe basi awakute huko. Naomba uniambie: nina haki ya kumkataza? Na je, nimshitaki padre kwa askofu, au nimwachie Mungu? Jina langu usihangaike kulificha, limeshasambaa.

Wako katika Kristo,
Hipólito, Salcete

*

Ndugu yangu Hipólito,

Tuanze na hilo la haraka. Siki inawekwa nyama ikishakaangwa, pamoja na viungo, halafu moto unapunguzwa. Na sorpotel hupikwa siku kadhaa kabla, ikakaa, ikapashwa moto kila siku mpaka siki iingie. Anayeibandika alfajiri ya sikukuu yenyewe si Mkatoliki, ni mpagani mwenye joho. Ungemuuliza mama yako wiki moja kabla angekwambia, lakini hukuuliza, kwa sababu hukuwa unataka kupika. Ulikuwa unataka kushinda.

Pole lakini. Nasema kweli. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikafika pale umeshika mkono wa gauni nikaacha kucheka. Kuaibika mbele ya kijiji kizima si jambo dogo, na wewe umeliandika bila kujipamba, hilo nakupa. Mwanamume mwingine angesema alipanda kule kumtakia mkewe heri.

Sasa kaa chini. Unayo Biblia? Ifute vumbi, ufungue kitabu cha Kutoka. Usitafute pa Musa, Musa ameshapata wa kumsikiliza. Tafuta pa Farao. Soma anavyojibu anapoambiwa watu wanataka kwenda kuabudu. Mapema kabisa anawaambia nini? Anasema, “Ninyi wavivu, ninyi wavivu, ndiyo maana mwasema twende tukamtolee Bwana dhabihu.” Wewe umeongeza rozari shingoni, lakini hotuba ni ile ile. Endelea. Mambo yakimbana anasema haya, abuduni, ila hapa hapa ndani ya nchi. Wewe ukasema imba huko huko jikoni. Akibanwa zaidi anasema nendeni, ila msiende mbali sana. Wewe ukasema komunika utoke mlango wa pembeni. Kisha nzige wanakaribia na yeye anasema, basi nendeni ninyi wanaume. Wanaume! Wanawake na watoto wabaki. Niliposoma kwako “sisi wanaume tutakwenda kwa niaba ya nyumba nzima” niliweka karatasi chini nikaenda kunywa maji. Hukukosa hata moja. Ungekuwa umeyasoma ningesema unanitania, lakini ni wazi hujayasoma, umeyagundua mwenyewe, kwa kipaji chako.

Usikasirike. Farao hakuwa mtu mwenye pembe. Alikuwa mtu mwenye nyumba yenye sifa tangu enzi za babu, na aliona watu wakiondoka sifa itaondoka nao. Naamini aliona yeye ndiye anayeonewa. Wewe umeniandikia barua ndefu, na humo mambo ya chakula umeyataja mara nyingi kuliko Mungu. Nimeangalia. Mungu, ukiacha maneno ya padre na ya mkeo, umemtaja ulipotaka abaki jikoni na mkeo, tena mwishoni ulipotaka kumwachia kesi ya padre.

Huyo padre naye, kabla sijaendelea na wewe, nina lake. Padre Osvaldo, najua unasoma gazeti hili, unaanza na ukurasa wa vifo halafu unakuja kwangu. Umehubiri vizuri sana juu ya Misri, na Jumapili ngapi umekula mezani kwa Farao bila kuuliza aliyepika amesali saa ngapi? “Sikujua kuna mtu anasikiliza.” Hebu jiheshimu. Mwanamke mmoja amekusikiliza, amebadilisha maisha yake, na wewe unaulizia chakula. Jumapili ijayo baada ya misa kaa kwenye mlango wa kanisa mpaka wanawake wote watoke, uwasikilize na wewe.

Haya, Hipólito, maswali yako.

Je, una haki ya kumkataza asiende Goa ya Kale? Huna. Hata kama ungekuwa nayo, ungeitumia ukapata nini? Mwanamke amelala chumba cha pili anakusikiliza unavyokoroma. Mtu akiondoka nyumbani kwa miguu akiimba, kurudi kwake hakutegemei amri yako, kunategemea kama kuna kitu cha kurudia. Na lile la kuchagua kwaya au nyumba usilirudie tena hata ukiwa umelewa. Alikuhurumia alipokataa kujibu. Wewe ulidhani ni jeuri.

Je, umshitaki padre kwa askofu? Ukimwandikia askofu, nitakwambia kitakachotokea. Ataisoma kwa sauti mezani, na jimbo zima litaanza kukuita Siki, tena kwa Kilatini.

Kuna jambo moja ndani ya barua yako limenikaa moyoni, na wewe umelipita haraka kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Ulisimama kule juu ukaisikia sauti yake. Ukasema hukuwa unaijua. Ukasimama kidogo. Kile kidogo, kaka yangu, ndiyo ibada pekee niliyoiona katika barua nzima, na wewe ukaiacha ukakimbilia nyama. Unabeba msalaba mbele ya watu wote na macho yako yanawahesabu wageni. Mkeo alikuwa kanisani na roho yake iko kwenye sufuria, sawa, lakini ya kwako ilikuwa sufuria ile ile, tofauti yenu ni kwamba yeye aliikoroga. Nani alikwambia wewe uko huru? Ni lini mara ya mwisho ulipiga magoti ukakaa na Mungu wako bila kuwaza nani atakula na nani atasema nini? Mungu alipomwambia Farao awaachie watu waende wakamwabudu, mimi huwa najiuliza kwa nini Farao mwenyewe hakuuliza, na mimi je, naweza kuja? Alikuwa na magari, alikuwa na farasi, angewahi kufika.

Sasa sikiliza utakayofanya, na usiyachanganye.

Leo jioni omba msamaha. Usiombe kwa sababu ya kipaza sauti, hicho kilikuwa bahati mbaya, omba kwa lile neno la uvivu. Simama mlangoni pa chumba cha mama yako, usiingie, sema mara moja, ondoka. Usingoje kujibiwa, na usimuulize kama amekusamehe, atakwambia siku akiwa tayari. Mama yako naye umwombe, maana bila shaka naye aliwahi kuambiwa hivyo na baba yako na hakuna aliyewahi kumwomba.

Jumapili mlango wa nyumba yako uache wazi vile vile, sikuombi uvunje sifa ya babu. Ila watu waje na sahani zao na kitu ndani yake. Anayekuja mikono mitupu aoshe vyombo. Utaona wangapi walikuwa wanaipenda familia yako na wangapi walikuwa wanaupenda mchuzi. Padre Osvaldo alete mkate. Wewe utapika wali, wali tu, usijaribu jingine kwanza, na utaupika Jumamosi.

Mama yako usimpandishe basi peke yake. Mkodishie teksi ya mtu unayemjua, akae mbele, aone maandamano kwa uso, na dereva aende polepole kadiri mama anavyotaka hata wenye magari nyuma wakitukana.

Na wewe uende. Mbona umenishangaa? Umeniuliza kama unaweza kumkataza, hukuniuliza kama unaweza kwenda naye. Hakuna aliyekukatalia. Joho liache kabatini, huko hakuna anayelijua. Vaa viatu vya raba, beba maji ya kwaya nzima kama punda, tembea nyuma kabisa na usiongee. Wakikuita Siki, itika. Usimkaribie Querobina kumweleza jambo, yeye atakuwa anaimba, na wewe huimbi, mimi na wewe tunajua hilo. Sikiliza tu. Njia ni ndefu, miguu itavimba, na mahali fulani huko njiani utasahau kwamba unafanya hivi ili arudi chumbani kwako.

Mkifika, ingia kanisani, piga magoti, na ukae hapo bila kuwaza chakula cha mchana. Hapo ndipo utakapopata shida, nakwambia mapema. Mimi nimejaribu miaka yote, na bado siwezi kufika mwisho wa Baba Yetu moja.

Shangazi Eulália